Uzi: Kupata uwiano wa difu ya nyuma ya lori la zamani kwa kuhesabu, si kwa kukisia

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, swali ambalo hurudi kila mara kwa watu wanaofufua malori yaliyotengenezwa kati ya miaka ya 1920 na 1960 ni hili: difu iliyo chini ya lori langu, yaani gia za katikati ya ekseli ya nyuma, ina uwiano gani, maana yake propela (shafti itokayo giaboksi kwenda difu) huzunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja? Jibu wanalopewa mara nyingi ni namba yenye desimali iliyotolewa kwenye kitabu cha kiwanda, na namba hiyo yaweza kuwa sahihi kwa lori lilivyotoka kiwandani na isiwe sahihi hata kidogo kwa lori lilivyo leo. Lori lenye umri wa miaka 70 limepita katika mikono mingi. Difu nzima huhamishwa kutoka lori moja kwenda jingine, kichwa cha difu hutolewa kwenye lori bovu kikafungwa kwenye lori zima, na yupo mmiliki wa zamani aliyebadilisha krauni na pinioni (gia kubwa ya difu na gia ndogo inayoizungusha) kwa sababu alitaka nguvu zaidi ya kupanda mlima au mwendo zaidi kwenye barabara tambarare, kisha akaliuza lori bila kumwambia mtu.

Ninachotaka kukishikilia katika uzi huu ni kwamba uwiano utafutwe kama sehemu, yaani idadi ya meno ya krauni juu ya idadi ya meno ya pinioni, na sehemu hiyo itoke kwenye lori lenyewe. Desimali ni matokeo ya kugawanya tu, na inaficha mambo. Chukua 4.10 na 4.11: ya kwanza hutokana na meno 41 kwa 10, ya pili na meno 37 kwa 9. Kwa dereva hakuna tofauti anayoweza kuihisi, lakini kwa mtu anayetafuta kipuri ni vitu viwili visivyokutana kabisa, kwa kuwa pinioni ya meno 9 haiwezi kufanya kazi na krauni ya meno 41. Hali ni hiyo hiyo kwa 6.14, ambayo ni 43 kwa 7, na 6.17, ambayo ni 37 kwa 6. Anayeagiza vipuri kwa desimali anaagiza kwa bahati.

Tuone kwanza kwa nini jambo hili lina uzito. Chevrolet ya mfululizo ulioanza mwaka 1947 ilitoka na uwiano wa 4.11 kwenye pikapu ya nusu tani, 4.57 kwenye ile ya robo tatu ya tani, 5.14 kwenye ya tani moja, na 6.17 ulikuwa wa kawaida kwenye malori makubwa zaidi. Tuseme tairi lako husogea mita 2.80 kwa kila mzunguko mmoja. Ukitaka kwenda kilomita 80 kwa saa, gurudumu lizunguke takriban mara 476 kwa dakika. Kwa difu ya 6.17, propela itazunguka zaidi ya mara 2,900 kwa dakika, na katika gia ya juu isiyopunguza wala kuongeza, injini nayo itazunguka hivyo hivyo. Kwa difu ya 5.14 injini itakuwa kwenye mizunguko 2,450 hivi. Kwa injini ya kisasa hiyo ni tofauti ya kelele. Kwa injini ya Chevrolet ya inchi za ujazo 216, iliyotumika hadi mwaka 1953, ambayo beringi za konrodi zake ni za aloi laini iliyomiminwa na hupata oili kwa vijiko vinavyochota kwenye sampu badala ya kupata oili yote kwa shinikizo la pampu, ni tofauti ya injini inayodumu na injini inayogonga. Mwenye injini ya namna hiyo asiyejua uwiano wa difu yake hajui anaitesa kiasi gani.

Sasa namna ya kuupata.

Anza na alama, kwa sababu hazigharimu kitu. Viwanda vingi vilifunga kibao kidogo cha chuma chini ya mojawapo ya bolti za kichwa cha difu au za mfuniko wake, na kwenye kibao hicho huandikwa uwiano wenyewe au idadi ya meno. Sugua grisi na kutu taratibu kwa brashi ya waya laini, maana herufi za kibao cha zamani zimegongwa kwa kina kidogo na hufutika kwa urahisi. Ndani ya difu, idadi ya meno mara nyingi hugongwa kwenye ukingo wa krauni kama jozi ya namba, kwa mfano 7 na 43, pengine pamoja na namba ya jozi inayoonyesha kwamba krauni na pinioni hizo zilisuguliwa pamoja kiwandani. Kibao kilichoko nje kiamini nusu nusu, kwa kuwa anayebadilisha gia za ndani hukirudisha kibao kile kile kwenye bolti ile ile. Namba zilizogongwa kwenye gia zenyewe ziamini.

Kama alama hazipo, zungusha gurudumu. Hapa ndipo watu wengi hupotea, na kupotea kwenyewe kunatokana na kutoelewa kazi ya difu. Katika difu ya kawaida isiyo na kifungio, mwendo wa krauni ni wastani wa mwendo wa magurudumu mawili. Kwa hiyo ukiinua upande mmoja na kuacha wa pili umesimama chini, mzunguko mmoja wa gurudumu lililoinuliwa ni nusu mzunguko wa krauni. Utahitaji mizunguko miwili ya gurudumu ili krauni imalize mmoja, na idadi ya mizunguko ya propela katika hiyo miwili ndiyo uwiano.

Kabla ya jeki kugusa ekseli, zingatia usalama, kwa maana lori la zamani lina hatari yake ya pekee. Breki ya mkono ya malori mengi ya umri huu haipo kwenye magurudumu. Ipo kwenye drami iliyo nyuma ya giaboksi na hushika propela. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, breki hiyo haizuii tena lori, kwa sababu propela ikisimama gurudumu lililo hewani linaweza kuzunguka kinyume huku lililo chini likibingirika. Vilevile, kwa kipimo hiki propela lazima iwe huru, kwa hiyo breki hiyo itafunguliwa na gia itakuwa huru. Kinacholizuia lori ni kabari peke yake. Weka kabari nzito mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele yote mawili na ya gurudumu la nyuma linalobaki chini, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, na ekseli ikae juu ya stendi ya chuma, si juu ya jeki. Asiye na vitu hivyo asianze.

Chora mstari wa chaki kwenye ubavu wa tairi na weka kitu kisichosogea karibu nao, kama ncha ya waya uliofungwa kwenye kipande cha ubao kilichosimamishwa sakafuni. Chora mstari mwingine kwenye flanji ya propela (bamba lake la kufungia kwa bolti) karibu na pinioni, nao uwe na ncha yake iliyofungwa kwenye nyumba ya difu. Wawe watu wawili, mmoja kwenye gurudumu na mmoja kwenye propela, na kila mmoja ahesabu kwa sauti. Zungusha upande mmoja tu bila kurudi nyuma hata kidogo, maana kati ya gurudumu na propela kuna ulegevu wa meno, wa gia ndogo za difu na wa mifereji ya shafti, na ulegevu huo wote huingia kwenye kipimo pale unapobadilisha mwelekeo. Mtu wa propela ailemee kwa mkono kidogo ili meno yabaki yameegemea upande ule ule.

Wengi huzungusha mara mbili, wakasoma mizunguko sita na kidogo, wakaondoka. Hiyo kidogo ndiyo inayotakiwa. Usisimame hapo. Endelea kuzungusha gurudumu, na kila linapomaliza mzunguko kamili mtazame mstari wa propela uko wapi. Utafika mahali ambapo gurudumu limerudi kwenye ncha yake na propela nayo imerudi kwenye ncha yake kwa wakati mmoja, kwa mara ya kwanza tangu mwanze. Andika namba hizo mbili. Zidisha mizunguko ya propela kwa mbili, gawanya kwa mizunguko ya gurudumu, rahisisha sehemu, na umepata meno bila kufungua bolti hata moja. Gurudumu likizunguka mara 18 na propela mara 37, uwiano ni 74 kwa 18, yaani 37 kwa 9. Gurudumu likizunguka mara 12 na propela 37, ni 37 kwa 6. Gurudumu likizunguka mara 14 na propela 43, ni 43 kwa 7.

Njia hii hufanya kazi kwa sababu waundaji wa gia huchagua idadi za meno zisizo na kigawo cha pamoja, ili kila jino la pinioni likutane na kila jino la krauni kwa zamu na uchakavu usambae sawasawa. Idadi zikiwa hivyo, sehemu unayoipata haiwezi kurahisishwa zaidi, nayo ndiyo idadi halisi ya meno. Zipo jozi zisizofuata kanuni hiyo, na kwa hizo utapata uwiano sahihi lakini meno halisi yatakuwa ni mara mbili au tatu ya ulichopata. Krauni ya meno 9 tu haipo, kwa hiyo jambo hilo utaligundua mara moja.

Kuhusu usahihi, hofu ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kwa pinioni ya meno 9, pale mistari inapokaribia kukutana bila kukutana, propela huwa imepishana na ncha yake kwa nyuzi zisizopungua 20. Kwenye flanji yenye nusu kipenyo cha milimita 60, huo ni umbali wa zaidi ya sentimita mbili. Kosa la milimita tano kwenye ukingo wa tairi lenye mzingo wa mita tatu huleta kosa lisilofika nyuzi mbili kwenye propela ya difu ya 6.17. Jicho la kawaida linatosha.

Mchangiaji wa pili

Asante sana kwa maelezo haya, mkuu. Nina lori la tani moja ambalo kitabu chake kinasema 5.14. Niliinua upande mmoja, nikazungusha tairi mzunguko mmoja, na propela ilizunguka mara mbili na zaidi kidogo ya nusu, nakadiria 2.57. Fundi aliyekuwa pamoja nami anasema difu hiyo si ya lori, bali ni ya gari dogo la mwendo kasi. Je, inawezekana?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, difu yako ni ya lori na kitabu chako kinasema kweli. Ulizungusha mzunguko mmoja na upande wa pili ulikuwa chini, kwa hiyo ulichokipata ni nusu ya uwiano. Zidisha 2.57 kwa mbili, utapata 5.14.

Ukitaka uhakika wa meno, endelea kuzungusha kama nilivyoeleza. Ikiwa ni 36 kwa 7, mistari itakutana gurudumu likiwa limezunguka mara 7 na propela mara 18. Uone hapo jambo dogo: wengine watakutana baada ya mizunguko 14 ya gurudumu na wewe umekutana baada ya 7, kwa sababu 36 inagawanyika kwa mbili. Hesabu haibadiliki. Mara mbili ya 18 ni 36, kugawanya kwa 7.

Uangalifu mwingine kwa watakaosoma hapa: usiinue magurudumu yote mawili ukazungusha moja tu. La pili litazunguka kinyume, propela itasimama au itayumba, na utapata namba isiyo na maana. Ukiinua yote mawili, basi yazungushwe yote kwa pamoja, kwa kasi moja, upande mmoja, na hapo mzunguko mmoja ni uwiano mzima. Kwa watu wawili na magurudumu mazito ya jozi, kulinganisha mwendo huo ni kazi ngumu isiyo ya lazima. Kuna hali moja tu ninayoipendekeza, nayo ni difu yenye kifungio au ile inayopunguza utelezi. Utaitambua kwa kuwa ukiinua upande mmoja gurudumu linakataa kuzunguka, na ukiinua pande zote mbili magurudumu huzunguka upande mmoja bila kulazimishwa.

Mchangiaji wa tatu

Ningependa kuongeza njia ambayo kwa lori kubwa naiona bora kuliko jeki. Malori mengi mazito yana ekseli ambayo uzito wote hubebwa na nyumba ya ekseli na habu, na shafti za pembeni hazibebi kitu zaidi ya kuzungusha. Utazitambua kwa flanji kubwa yenye bolti nyingi katikati ya habu. Kwa lori la namna hiyo, magurudumu yote yabaki chini. Fungua bolti za flanji upande mmoja, vuta shafti nje kidogo tu, kiasi cha flanji kuachana na habu huku mwisho wa ndani ukiwa bado umeshika mifereji ya difu. Sasa unaweza kuizungusha flanji kwa mikono, gurudumu likiwa limetulia sakafuni. Upande wa pili umeshikwa na lori lenyewe. Mizunguko miwili ya flanji ni mzunguko mmoja wa krauni, sawasawa na alivyoeleza mwanzisha uzi, na wepesi wake hauna mfano kwa sababu huzungushi tairi wala habu.

Weka chombo cha kukinga oili chini ya habu, na uandae gasketi mpya ya flanji. Kabari hazikwepeki hapa pia, kwa maana shafti moja ikishatolewa, breki ya propela na gia zote haziwezi kulizuia lori.

Mwanzisha uzi

Nakubaliana nawe kikamilifu, na ninaongeza tahadhari moja juu ya njia hiyo. Ikiwa ekseli yako ina gia za kupunguza mwendo ndani ya habu, kama zilivyo ekseli za Unimog, basi ukizungusha shafti ya pembeni unapata uwiano wa krauni na pinioni peke yake, na ukizungusha gurudumu unapata uwiano wa jumla. Vyote viwili vina faida: cha kwanza ni cha kuagizia vipuri vya difu na cha pili ni cha kupigia hesabu ya mwendo. Gawanya cha pili kwa cha kwanza na utajua habu zako zinapunguza mara ngapi.

Mchangiaji wa nne

Mimi nina pikapu ya Chevrolet ya nusu tani ya mwaka 1951. Propela yake siioni kabisa. Imo ndani ya bomba lililofungwa kutoka giaboksi hadi difu. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi

Ndugu, hiyo ndiyo namna pikapu za nusu tani za Chevrolet zilivyoundwa kabla ya modeli mpya zilizotoka mwaka 1955, na Ford ya Model A nayo ina propela iliyofungwa ndani ya bomba. Usilifungue bomba. Itumie injini kama propela.

Gia ya juu ya giaboksi yako ni ya moja kwa moja, yaani krankishafti na propela huzunguka sawa. Chomoa waya wa betri, toa plagi zote ili pasiwe na mbano wala uwezekano wa injini kuwaka, inua gurudumu moja la nyuma kwa masharti yale yale ya kabari na stendi, kisha weka gia ya juu huku klachi ikiwa imeshika. Zungusha injini kwa hendeli kutoka mbele. Alama ya pili, ile ambayo ingekuwa kwenye propela, iweke kwenye puli ya krankishafti. Mtu mmoja azungushe hendeli na kuhesabu, mwingine atazame gurudumu. Ukitaka desimali ya haraka, hesabu mizunguko ya hendeli katika mizunguko miwili ya gurudumu: ikiwa mizunguko minne na kidogo sana zaidi, umekaribia 4.11. Kisha endelea hadi alama zikutane, na kama difu ni ya asili utafika 18 kwa gurudumu na 37 kwa hendeli.

Kwa injini ya dizeli, plagi za kutoa hazipo, kwa hiyo ni lazima mbano uondolewe kwa kutoa nozeli au kwa wenzo wa kuachia mbano kama injini inao. Na kwa yeyote mwenye giaboksi ambayo gia ya juu inaongeza mwendo, tumia ile gia ya chini yake iliyo ya moja kwa moja. Kama kuna giaboksi ya ziada nyuma ya ile ya kwanza, hakikisha nayo ipo katika hali ya moja kwa moja, vinginevyo utaihesabu ndani ya difu.

Mchangiaji wa tano

Vipi kuhusu difu za mwendo mara mbili, zenye kitufe kwenye wenzo wa gia? Na zile za zamani kabisa zenye gia ya skurubu?

Mwanzisha uzi

Haya ni maswali mawili mazito, nitaanza na la pili kwa kuwa ni fupi. Lori la Ford Model TT, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1917 hadi 1927, lilikuwa na difu ya gia ya skurubu, na uwiano wake wa kawaida ulikuwa 7.25, wakati gari dogo la Model T lilikuwa na 3.64, ambao ni 40 kwa 11. Kwa gia ya skurubu, pinioni haina meno ya kuhesabu kwa jicho bali ina nyuzi zinazoizunguka, na uwiano ni meno ya gurudumu la gia juu ya idadi ya nyuzi hizo. Kuhesabu kwa kuzungusha hufanya kazi vilevile, isipokuwa usisukume gurudumu. Msuguano wa skurubu ni mkubwa na gurudumu litakuwa zito mno. Zungusha propela, na gurudumu lifuate.

Difu ya mwendo mara mbili, ambayo Eaton iliifanya ijulikane sana kwenye malori ya Marekani, ina seti ya gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati iitwayo gia ya jua, ndani ya krauni. Katika hali ya juu, seti hiyo hufungwa na kuzunguka kama kitu kimoja na krauni, kwa hiyo uwiano ni meno ya krauni juu ya pinioni tu. Katika hali ya chini gia ya jua hushikwa isizunguke, na difu hupunguza mara ya pili. Upunguzaji huo wa pili huwa karibu na 1.36 hadi 1.39, na ndiyo maana utaona vibao vyenye namba mbili kama 6.50 na 9.04.

Ugumu wake ni kwamba lori lililosimama kwa miaka linaweza kuwa limebaki katika hali yoyote ile. Usikisie. Pima, badilisha hali, pima tena. Kama kibadilishio ni cha umeme, kitahitaji betri nzima, na ni lazima uzungushe propela taratibu mbele na nyuma wakati wa kubadilisha ili meno yaingie, kwa sababu difu hizi zimeundwa kubadilisha zikiwa katika mwendo. Kama ni cha mvuto wa hewa wa injini, bila injini kuwaka hakitafanya kazi, kwa hiyo usogeze wenzo ulio kwenye difu kwa mkono. Ukipata namba moja tu na difu inakataa kubadilika, itazame namba hiyo dhidi ya orodha ya kiwanda kwa makini. Difu ya 6.50 ikiwa juu na difu nyingine ya 4.7 hivi ikiwa imekwama chini zinaweza kukupa kipimo kinachokaribiana, na hapo kufungua ndiyo njia pekee ya kuondoa shaka.

Katika hali ya chini, njia ya alama kukutana haifai, kwa kuwa sehemu inakuwa zao la sehemu mbili na mistari yaweza kuchukua mizunguko mingi mno kabla ya kukutana. Pima hali ya juu kwa sehemu, na ya chini kwa desimali. Difu zenye upunguzaji wa aina mbili za gia, yaani krauni na pinioni kisha gia za kawaida za meno, nazo ziko chini ya kanuni hiyo hiyo: jumla ni zao, na meno ya krauni peke yake hayakuambii mwendo wa lori.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, nimerudia kipimo. Mistari ilikutana baada ya mizunguko 7 ya gurudumu na 18 ya propela, kama ulivyosema. Sasa swali langu la mwisho: spidomita yangu inasoma zaidi ya simu yenye kipimo cha setilaiti. Je, hiyo haionyeshi kwamba difu ilibadilishwa?

Mwanzisha uzi

Haionyeshi peke yake. Spidomita husoma mizunguko ya propela kupitia gia ndogo nyuma ya giaboksi, kisha hudhania uwiano fulani na tairi fulani. Ukibadilisha mojawapo, inadanganya. Wewe umekwisha kuthibitisha difu, kwa hiyo kilichobaki ni tairi au gia ya spidomita yenyewe. Tairi za leo za radial mara nyingi ni fupi kidogo kuliko zile za asili zenye nyuzi za mshazari zilizoandikwa ukubwa ule ule, na tairi fupi hufanya spidomita isome zaidi.

Pima mwenyewe. Lori likiwa na uzito wake wa kawaida na upepo sahihi, weka alama kwenye tairi na sakafuni, lisukume mbele hadi tairi limalize mizunguko mitatu, pima umbali na ugawe kwa tatu. Usitumie kipenyo cha tairi lililo hewani, kwa kuwa tairi hubonyea chini ya mzigo na umbali halisi ni mfupi kuliko hesabu ya kipenyo. Ukishapata mita hizo, zidisha mizunguko ya injini kwa dakika kwa mita za tairi, kisha kwa 0.06, na ugawe kwa uwiano wako. Hizo ndizo kilomita kwa saa katika gia ya moja kwa moja. Fomula hiyo hiyo ikigeuzwa inakupa uwiano kutoka kwenye mwendo wa barabarani, lakini kosa dogo la kipimo cha injini na la tairi yakijumlishwa huweza kufika asilimia tatu au nne, na kwa kosa hilo 6.14 na 6.17 hazitofautiani. Njia ya barabarani itumike kuhakiki, isitumike kugundua.

Mchangiaji wa sita

Nina lori la kijeshi linaloendeshwa na magurudumu yote. Nikibadilisha uwiano wa nyuma tu, mbele pabaki kama palivyo, kuna madhara?

Mwanzisha uzi

Yapo, na ni makubwa. GMC ya CCKW iliyotumika katika Vita vya Pili vya Dunia ina 6.6 kwenye ekseli zake zote tatu, na Dodge Power Wagon ya kawaida ina 5.83 mbele na nyuma. Viwanda havikufanya hivyo kwa urahisi wa vipuri tu. Ekseli ya mbele inapounganishwa na ya nyuma kwenye barabara kavu, uwiano usiolingana huzilazimisha tairi zivutane, na nguvu hiyo ikikosa pa kutokea hujilimbikiza ndani ya propela, krosi (viungo vya propela) na giaboksi ya kugawa nguvu hadi kitu kimoja kivunjike. Pima ekseli zote, moja baada ya nyingine, kila moja kwa njia ya alama kukutana, na uandike meno yake. Ukikuta tofauti kati ya ekseli mbili, lori lisiunganishwe magurudumu yote kwenye lami hadi tofauti hiyo iondolewe. Ukiamua kubadilisha, badilisha zote, nunua krauni na pinioni zenye namba ya jozi inayolingana, na umpe fundi muda wa kurekebisha kina cha pinioni na nafasi kati ya meno kwa kutazama alama ya rangi kwenye jino, kwa maana gia mpya iliyofungwa bila kipimo hicho huanza kulia ndani ya safari chache.